Kaseti Niliyomwachia Babu

Ipo Jumatano moja, mwanangu Neema, ambayo nimejaribu kuisahau kwa zaidi ya miaka arobaini na nimeshindwa. Ilikuwa mwezi wa saba, maharage yameshapigwa na kuingizwa ndani, na upepo wa kijijini kwetu Maretadu unakata masikio. Siku hiyo mimi nilikuwa Katesh juu ya jukwaa la mbao, nimevaa suruali ya kuazima, napiga gitaa. Mahali pangu palikuwa nyumbani, kwenye kigoda kando ya babu yangu.

Nimeikumbuka tena juzi nilipopata ujumbe wako. Niliusoma kwa miwani, nikavua miwani, nikamwita mke wa mjomba wako anisomee tena, maana nilidhani nimekosea. Umenipangia wiki yako yote. Jumatatu kikao cha mwisho cha kamati ya kumuaga dada yako Paulina. Jumanne sare kwa fundi. Jumatano na Alhamisi mazoezi ya bendi. Ijumaa kwenda kumwona rafiki yako aliyejifungua. Jumamosi mchana Paulina anaagwa Hirbadaw, na Jumamosi hiyo hiyo jioni bendi yenu inapiga muziki wa laivu Katesh. Halafu mwisho kabisa ukaandika kwamba, kwa kuwa hutaweza kukaa mpaka mwisho, umeamua kurekodi sauti yako ya kuitikia slufay kwenye simu, itapigwa kwenye spika wakati mimi nikibariki, na itasikika vizuri kuliko ukiwepo.

Nilicheka mpaka nikakohoa. Mke wa mjomba wako alidhani kuna habari njema. Baadaye nikaomba daftari.

Wewe umekulia mjini, kwa hiyo nianze na jambo ambalo dada yangu, bibi yako Tresia, alidhani nimekueleza, nami nikadhani yeye amekueleza. Slufay si hotuba ya mshereheshaji. Ni maombi na ni baraka ya kwetu Wairaqw. Mzee anasema kwa vipande, na kila kipande kikiisha watu wanaitikia pamoja kwa sauti ya chini. Lazima awepo mmoja anayetangulia kuitikia. Huyo anakaa karibu na mzee, anasikiliza hata pumzi yake, anajua sasa amemaliza, sasa bado. Akitangulia yeye, wote wanamfuata. Mzee asiyeitikiwa hawezi kuendelea, atakuwa anaongea peke yake.

Babu yangu Akonaay ndiye aliyekuwa akisema slufay kwa ukoo wetu. Alikuwa mzee mrefu, mkali, macho yake yameingia ukungu kiasi kwamba alitutambua kwa sauti na kwa mwendo. Nilipokuwa na miaka kumi na mitano alinichagua mimi niwe wa kumwitikia. Wajukuu wengine walinuna. Yeye alisema tu kwamba nina masikio. Basi kila alipobariki, iwe mavuno, nyumba mpya au mtu anayesafiri, nilikaa kwenye kigoda upande wake wa kulia. Tulifanya hivyo kwa miaka saba, na nikaanza kudhani kwamba ninaijua kazi ile kuliko yeye.

Masikio hayo hayo ndiyo yaliyonipeleka kwenye gitaa. Nikiwa sekondari nilipata rafiki aitwaye Ramadhani, mtoto wa mfanyabiashara wa Katesh, wazazi wake walitokea Kondoa. Yeye alipiga besi, mimi solo, na wenzetu wawili ngoma na kuimba. Tulifanya mazoezi nyuma ya duka la baba yake, kati ya magunia ya ngano, na tuliamini kabisa kwamba nchi nzima inatusubiri sisi. Usicheke. Na ninyi mnaamini hivyo hivyo, nami sioni ubaya wowote.

Wiki ile dada yangu Tresia, ndiye huyo bibi yako, alikuwa anaolewa na kijana wa Hirbadaw. Harusi ya kanisani ingefanyika huko kwa wakwe siku ya Alhamisi. Kwetu ingekuwa Jumatano, siku ya kumuaga, na Babu angembariki akiwa bado ndani ya ua wa baba yake. Tresia alinifuata mara mbili kunikumbusha. Alikuwa na hofu ya kwenda mbali, ingawa alijifanya jasiri mbele ya mama. Aliniambia kwamba akisikia sauti ya Babu na yangu mimi kwa pamoja, ataweza kupanda gari bila kulia. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Jumatatu majirani wote walikuja kutusaidia kukandika upya ukuta wa nyumba. Wanawake walileta maji, wanaume tukakanyaga udongo, watu wakaimba mpaka mchana. Nilikuwa na matope mpaka kwenye nyusi wakati Ramadhani alipofika na pikipiki ya baba yake. Alikuwa amekuja mbio mbio. Tumepata jukwaa, akasema, Jumatano, siku ya mnada wa Katesh, mbele ya watu wote, na tukiwapendeza tutapiga tena ukumbini Jumamosi. Nikakubali pale pale. Sikumwambia kwamba Jumatano dada yangu anaagwa. Na jioni tukila makande nyumbani, sikusema kwamba Jumatano nitakuwa Katesh. Nilikuwa nimesema ndiyo mara mbili kwa siku moja, na niliona kila mtu amefurahi, kwa hiyo nikaona nimefanya vizuri.

Jumanne ndugu walianza kufika. Mama alikuwa kwenye vyungu vya pombe ya mtama, shangazi wanapigiana kelele, mbuzi wamefungwa kwenye mti. Mimi nilijificha ghalani na radio kaseti, nikabonyeza kurekodi. Maneno ya Babu niliyasema moyoni, kimya, na kila kipande kilipoisha niliitikia kwa sauti. Nilihesabu kama ninavyohesabu wimbo, nne, nne, nane. Nilipousikiliza mkanda nilijisifu. Ulikuwa umenyooka, hakuna kilichozidi wala kupungua.

Binamu yangu Fabiano alikuwa mtu mwema mwenye mabega mapana, lakini kwenye kuitikia alikuwa na kasoro moja, anawahi. Nikamwambia akae kwenye kigoda changu, afunike radio kwa shuka, aiwashe Babu akianza. Kaseti ikiitikia naye aitikie, watu watamfuata. Babu haoni, atadhani ni mimi. Fabiano alinitazama akaniuliza kama nina uhakika. Nilimwambia ninaujua mpigo wa Babu kuliko ninavyojua jina langu. Mwanangu, hiyo ndiyo sentensi ya kijinga kuliko zote nilizowahi kusema, na nimesema nyingi.

Jumatano alfajiri nilimdanganya mama kwamba nafuata soda Dongobesh, nitarudi mapema. Nikapanda gari la mnada.

Sitakudanganya wewe pia. Siku ile Katesh ilikuwa tamu. Kulikuwa na ng'ombe wengi, vumbi, wachungaji wa Kidatoga waliosimama na fimbo zao begani wakitutazama bila kucheka, na mlima Hanang wazi kabisa juu ya mabati ya maduka. Jenereta lilizimika mara mbili na mara mbili tukaimba bila spika, watu wakapiga makofi kutusaidia. Tulipomaliza, mwenye ukumbi alitushika mikono akasema tuje Jumamosi. Ramadhani alinikumbatia. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena kwa muziki. Sikumfikiria dada yangu hata kidogo mpaka nilipopanda gari la kurudi, na hata hapo nilimfikiria kwa kuridhika, kana kwamba kazi yake nilishaimaliza.

Kilichotokea nyumbani nilisimuliwa na Fabiano, halafu na mama, halafu na kila mtu aliyekuwepo, maana hakuna aliyekubali kunyamaza. Babu alianza vizuri. Aliomba mabaya yaondoke kwenye njia ya binti huyu, magonjwa, ukame, maneno ya chuki. Kaseti ikaitikia, Fabiano akaitikia, watu wakafuata. Vipande vitano, sita, kila kitu kikaenda sawa. Kisha Babu akanyamaza. Alinyoosha mkono akautafuta uso wa Tresia, akaugusa, na akashindwa kuendelea. Yule mzee mkali alikuwa analia. Na pale katikati ya kilio chake, kutoka chini ya shuka, sauti yangu ikaitikia, imara na safi. Ikangoja kidogo. Ikaitikia tena.

Watu wengine walicheka kabla hawajajizuia. Fabiano alihangaika kuizima akabonyeza kitufe kingine, radio ikatoa matangazo. Babu alishusha mkono. Aliinuka, akasema kwamba amemaliza, akaingia ndani akipapasa ukuta mbichi tuliokuwa tumeukandika. Alikuwa ameshaondoa mabaya. Hakuwa amefika mahali pa kuita mema. Wazee wa upande wa bwana harusi walitazamana. Gari lilikuwa linangoja, wakapanda, na Tresia akaondoka na baraka iliyokatika katikati, mbele ya wakwe zake, siku ya kwanza.

Usiku ule nililala kwa Ramadhani, nikarudi Alhamisi asubuhi. Tulikuwa tumekubaliana kwamba kanisani Hirbadaw waende baba na mama, sisi wengine tubaki na mifugo, kwa hiyo nyumbani nilimkuta Babu tu, amekaa juani amejiegemeza ukutani. Nilimwamkia shikamoo. Hakuitika. Nikarudia. Hakuitika. Kwetu, mzee asipopokea shikamoo yako, huwa unatamani ardhi ipasuke. Baadaye akaniambia nilete ile radio niiweke mbele yake. Nikaileta.

"Iambie nina kiu," alisema.

Nikatazama mtungi wa maji.

"Iambie inichotee maji."

Nilikwenda kuchota mimi. Aliyapokea, akanywa, akaweka kikombe chini taratibu. Alisema kwa Kiiraqw, mimi nakupa kwa Kiswahili, na naomba uyasome polepole.

"Mimi sioni. Nilinyamaza ili nimsikie kama bado ana hofu. Nilikuwa namtafuta mtoto. Wewe ukaitikia. Ulikuwa unaitikia nini?"

Nilipiga magoti, nikalia, nikaomba msamaha. Babu aliniacha nilie mpaka nilipochoka. Kisha akasema kwamba msamaha wake si tatizo, yeye ni mzee, atanisamehe wakati wowote. Tatizo ni Tresia, ambaye yuko kwa watu na baraka nusu. Nilimwomba twende naye Hirbadaw akaimalize. Akasema haendi kwenye ua wa watu kubariki kama hakuitwa, atakuwa anawaambia wakwe kwamba nyumba yao haina wazee. Wakimwita wenyewe atakwenda, hata kwa kubebwa.

Basi nikaamua, mwanangu. Sikumbuki kama niliwahi kuamua jambo kwa moyo wangu wote kabla ya siku ile. Ijumaa kabla jua halijatoka nilichukua baiskeli ya baba. Nilipita kwenye barabara ya changarawe, nikateremka, nikapanda, mnyororo ukakatika, nikasukuma, nikaufunga kwa waya, nikapanda tena. Upepo wa uwanda wa Hanang hauna huruma, hakuna mti wa kujikinga. Nilifika Hirbadaw mchana, vumbi mpaka kwenye meno.

Baba mkwe wa Tresia alikuwa Mzee Bura, mfugaji mwenye maneno machache. Alinikaribisha vizuri, akaniletea maziwa ya mgando. Nikamwambia nina ombi. Akasema ombi la siku hizi za harusi husemwa mbele ya watu, akaita wazee wake watatu na wanawake wa nyumbani, akamwita na Tresia. Nilisimama katikati nikasimulia yote. Nilitaja ghala, shuka, nne nne nane, na uongo wa soda. Wazee walicheka mpaka mmoja akafuta machozi. Mzee Bura alitabasamu. Tresia hakucheka. Alisimama na kitambaa kichwani, mwali wa siku moja, akanitazama.

"Nilikuwa nimeinamisha uso, lakini nilijua si wewe tangu mwanzo," alisema. "Wewe huwa unavuta pumzi kwanza. Nilingoja hiyo pumzi, haikuja."

Nimepigiwa kelele na watu wengi maishani, lakini hakuna aliyeniumiza kama alivyoniumiza dada yangu kwa sauti ile ya chini.

Mzee Bura akasema kwamba nyumba yake haiwezi kuanza na mke aliyebarikiwa nusu. Mzee Akonaay aje Jumapili, ataitwa kwa heshima, na watu wake watakuwepo. Nilitaka kumbusu mikono. Kisha nikakumbuka kwamba kesho yake, Jumamosi, natakiwa ukumbini Katesh, na kwamba Babu hawezi kupanda baiskeli.

Hapo ndipo ungeniona zamani nikibuni ujanja mwingine. Safari hii nilikwenda Katesh moja kwa moja kutoka Hirbadaw, nikamkuta Ramadhani dukani anapanga sabuni. Nilimwambia kwamba Jumamosi sitapiga, kwamba naenda nyumbani kumtayarisha Babu, na kwa nini. Alikasirika sana. Alisema nimewaharibia, hawana mpiga solo mwingine, mwenye ukumbi ameshatangaza. Nilimwacha aseme yote. Alipomaliza akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea. Aliniuliza kwa nini sikumwambia tangu Jumatatu, nikiwa na matope usoni, kwamba Jumatano ni siku ya dada yangu. Akasema angeomba tupige alasiri badala ya mchana, na angenifuata mwenyewe Maretadu kwa gari la baba yake. Alinijua tangu sekondari, amekula kwa mama yangu, na mimi nilimficha kana kwamba ni mgeni.

Jumamosi walipiga bila mimi. Nasikia haikuwa nzuri. Lakini Jumapili asubuhi, nikiwa nimemvalisha Babu koti lake na shuka lake jekundu, nikijiuliza kama nimfunge kwenye mkokoteni wa ng'ombe, tulisikia honi. Alikuwa Ramadhani na pikapu ya baba yake. Alishuka, akamwamkia Babu shikamoo, Babu akaipokea upesi sana, nadhani kwa makusudi ili niumie. Mimi Ramadhani hakunisemesha njia nzima. Alikuwa bado na hasira na alikuwa amekuja, na tangu siku ile ndivyo ninavyomtambua rafiki.

Hirbadaw walikuwa wametandika ngozi uani. Babu alikaa, Tresia akapiga magoti mbele yake, mimi nikakaa upande wa kulia. Babu hakuanza upya. Alianzia pale pale alipokatizwa, akamwita Mungu kwa jina la kwetu, akaanza kuita mema. Nikavuta pumzi, nikaitikia, na watu wa Mzee Bura wakanifuata. Aliita maziwa, akaita watoto, akaita mvua ya wakati wake. Kisha akanyamaza tena.

Nilijua maneno yanayofuata. Ulimi wangu ulikuwa umeshajiandaa. Nikauzuia. Babu aliunyoosha mkono, akaupata uso wa dada yangu, akaukagua kwa vidole, paji la uso, mashavu, kidevu. Alikaa hivyo muda ambao kwa muziki wetu ungekuwa wimbo mzima. Hakuna aliyekohoa. Ng'ombe walilia mbali, upepo ukapita, Tresia akashusha pumzi ndefu, na Babu aliposikia ile pumzi akaitikia kwa kichwa, akaendelea. Nami nikaitikia. Bibi yako amekaa katika ua ule mpaka leo, amezaa, amezika, ameona njaa na shibe, na kila tukikutana hunikumbusha ukimya ule. Maneno yenyewe ya baraka ameshayasahau.

Babu alinirudisha kwenye kigoda kwa miaka minne mingine, mpaka alipofariki. Gitaa nililipiga pia, usidhani nililitupa. Ramadhani alinisemesha baada ya wiki mbili.

Sasa nasaha yangu ni hii, mwanangu, na nakuandikia waziwazi ili usije ukasema babu alizunguka. Sikukatazi muziki. Nenda ukapige, tena upige vizuri, usiniaibishe. Wala sikulaumu kwa wiki iliyojaa, maana kijana ambaye hakuna anayemhitaji popote ana shida kubwa zaidi. Kosa langu halikuwa kuwa na mambo mengi. Nilimkubalia kila mtu ili anipende, na kila mmoja nikamficha mwenzake. Unapoona siku moja imekuita mara mbili, sema siku hiyo hiyo, kwa mdomo wako, kwa wote wawili. Watakasirika, waache wakasirike. Utashangaa watakavyokusaidia wakishamaliza.

Na mahali ambapo mtu anakuhitaji wewe, usipeleke sauti yako peke yake. Kwenye nyimbo zenu fanya utakavyo, huko mimi si fundi. Lakini anayebariki hafuati hesabu, anamfuata mtu aliye mbele yake, na anayeitikia lazima awe na masikio pale pale. Simu yako ina vitu vingi, najua, lakini haitajua ni lini nimenyamaza.

Nimeshafanya ambalo mimi sikulifanya. Nimempigia bibi yako Tresia, tumekubaliana Paulina aagwe saa tatu asubuhi badala ya saa saba mchana. Kamati imelalamika kuhusu chakula. Nimewaambia wapike mapema. Nimempigia na Ramadhani, siku hizi anatembelea mkongojo na bado anapenda kunilaumu, amesema mwanawe atakuwepo na gari, atakufikisha Katesh kabla ya saa tisa, jukwaani utakuwa saa kumi na moja. Wapo wazee wenzangu watakaoguna kwamba nimeweka msichana kwenye kigoda cha kuitikia. Wagune. Nimekuchagua wewe kwa sababu ulipokuwa mdogo, nikisimulia hadithi, ni wewe peke yako uliyekuwa ukijua kwamba sijamaliza. Kiiraqw chako ni kibovu, lakini maneno ya kuitikia ni machache, nitakufundisha Ijumaa jioni, ukishatoka kwa rafiki yako.

Mimi nitakuja Hirbadaw, miguu itake isitake. Nitambariki Paulina hata kama ni wewe na mimi tu uani. Kama umeamua kutokuja, nipigie leo uniambie kwa sauti yako, nami sitakununia. Ila usinitumie kaseti.

Mungu akuondolee vizuizi njiani, na maneno mabaya yapite mbali na mlango wako. Vidole vyako viwe vyepesi kwenye kinanda. Marafiki zako wakukasirikie na bado waje. Nyumba utakayoingia siku moja iwe na maziwa, na awepo mtu wa kukusikiliza unaposhindwa kuendelea.

Hapa nanyamaza, mwanangu. Vuta pumzi kwanza, ndipo uitikie.